Oraiti, neno la wapiga nyundo wa Kamina

Nyundo nimeirudisha. Yaani, chuma nimekirudisha. Mpini nimebaki nao, kwa sababu haukuwa wa kampuni ya reli, na habari zake mtazisoma humu. Ndugu zangu mliobaki stesheni ya Kamina, ninyi mnaopita kando ya mabehewa kila asubuhi mkigonga magurudumu, siku ya kuniaga mliniomba niwaambie kazi ilikuwaje zamani. Siku ile kinywa changu kilijaa nyama ya mbuzi, nikashindwa. Sasa nina nafasi. Sitawaandikia nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Mambo hayo yalikuwa madogo na hayakuwahi kuniamsha usingizini. Nataka kuandika juu ya neno moja, oraiti, ambalo siku hizi nawasikia mkilitupa ovyo kama maganda ya karanga.

Nilizaliwa upande wa Kabongo, kwa wakulima. Shule ya misheni niliiacha mapema. Padri hakunifukuza, miguu yangu ndiyo iliyonifukuza. Nilikuwa nimejifunza kusoma, kuandika na sala za asubuhi. Za jioni tulikuwa bado hatujazifikia. Nilibeba magunia ya pamba Kabongo, nikachoka. Nikashuka Malemba-Nkulu, nikakausha samaki kando ya Lualaba mpaka paka wakawa wananifuata njiani. Kila mahali nilikaa hadi nikajua kila kitu kinaitwaje, kinatoka wapi na kinatengenezwaje, halafu nikaondoka. Mama yangu alisema mwanawe ni moshi: unajua umetoka jiko gani, hujui utaingia nyumba ya nani.

Kamina nilikuja kutazama treni tu. Reli ilikuwa bado mpya, mbao chini yake zinanuka msitu, na kambi ya wafanyakazi ilikuwa mistari ya nyumba za matofali ambazo rangi yake bado iliacha alama mgongoni ukiegemea. Humo ndani mlikuwa na Waluba wa hapa, Waluba wa Kasai, Walunda, Wabemba, kila mmoja akipika kwa namna yake na kudharau mchuzi wa jirani. Nilitaka kupanda treni nione inakoishia. Nauli sikuwa nayo, basi nikaomba kazi ya muda mfupi. Kapita, msimamizi wa vibarua wa stesheni, alinitazama toka juu hadi chini, akaninyooshea kidole upande wa mabehewa: "Nenda ku Tata Jemsi. Yee anatafuta muntu mwenye masikio."

Tata Jemsi alikuwa mtu mwembamba, mfupi, amevaa kofia iliyokwisha kusahau umbo lake. Alitoka ng'ambo ya mpaka, kusini, ambako alijifunza kazi kwenye reli ya watu wanaosema Kiingereza. Alipokuja kwetu alikuja na vitu viwili: mpini wa nyundo aliouchonga mwenyewe kwa mti wa mubanga, mgumu kama mfupa, na neno oraiti.

"Weye unajua kusikia?" akaniuliza.

"Ndiyo, Tata."

"Bantu bote banasema vile. Enda ku soko, fasi ya bamama ba binyungu. Usinunue kintu. Sikiliza tu."

Nikaenda sokoni, mahali wanapouza vyungu, nikachuchumaa. Mnajua wanawake wetu wanavyonunua chungu: anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anategea sikio. Kizima kinalia, sauti inakwenda mbali kidogo kabla ya kufa. Chenye ufa, hata usioonekana, kinajibu "kwa" na kunyamaza, kama mtu aliyeulizwa deni. Nilikaa hapo mpaka nikawa najua kabla ya mnunuzi kama atakiweka chini. Mwishoni yule mama wa mwisho kwenye mstari akanigeukia.

"Weye kijana, tangu asubuhi unaangaria bintu byangu. Unataka kuoa nyungu ao unataka kuoa muntu?"

Soko zima likacheka. Nilirudi stesheni na aibu yangu. Tata Jemsi hakuniuliza habari za vyungu. Aliniuliza: "Ule mama wa mwisho, alisema nini?" Nikamwambia. Akacheka hadi akavua kofia. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimetumwa kazi mbili kwa safari moja. Yule mama alikuwa Ngoie, mfinyanzi wa kijiji cha karibu, na haukupita muda mrefu akawa Mama Ngoie, mke wa Jemsi, anaishi kambini kwenye nyumba ya kampuni.

Ndoa ile haikumpendeza kaka yake mkubwa, Kasongo, mkulima wa mihogo mwenye kifua kama mlango. Mahari aliipokea, lakini hakukanyaga nyumba ile. "Muntu wa treni," alisema, "haiko na kijiji. Akikufa, tutapeleka habari yake wapi? Ku mashine?" Kila alipokuja Kamina kuuza mihogo, dada yake alimwita, "Yaya Kasongo, kuya ukule," naye akajibu ameshiba. Kwetu mtu akikataa bukari yako, ugali wako, miaka na miaka, huna haja ya kumwuliza anakuonaje.

Sasa niwaambie kazi, ingawa mnaijua. Tulikuwa wawili kwa treni moja, kila mmoja upande wake. Unaanza mkiani. Unagonga gurudumu, unasikiliza. Unaweka mgongo wa mkono, siyo kiganja, kwenye kasha la mafuta la ekseli; kama limepata moto, mkono wenyewe utaruka nyuma, na kiganja kilichoungua hakishiki nyundo kesho. Unatazama breki, unatazama minyororo, unakwenda gurudumu lingine. Mwisho mnakutana mbele, kwenye mashine. Hapo mkubwa anamwuliza mdogo kwa macho tu. Kisha anaweka nyundo begani, anamtazama dereva usoni, anasema: "Oraiti." Dereva anajibu: "Oraiti." Hapo ndipo filimbi inapolia.

Hakuna karatasi iliyoandika hivyo. Ulikuwa utaratibu aliouleta Jemsi, na madereva wakaupenda, kwa sababu wao ndio waliokaa mbele. Neno lilikuwa na miiko yake. Hulisemi ukiwa umekaa. Hulisemi unatafuna. Hulitumi kwa kinywa cha mwingine. Aliyegonga ndiye anayesema. Na hulisemi kumfurahisha mtu.

Mimi, kwa udadisi wangu, nilitaka kujua neno lenyewe ni la nani. Mtia makaa mmoja, Mluba wa Kasai, aliniapia kwamba Oraiti lilikuwa jina la Mzungu aliyejenga reli ya kwanza kule kusini, na kwamba treni haiondoki bila kumwita, kama sisi tunavyowaita wazee kabla ya kulima. Nikaliamini kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa zuri. Mreno mwenye duka akasema ni neno la mabaharia. Mpishi wa shefu, mkuu wa stesheni, akasema ni Kifaransa ila limesemwa vibaya. Mpishi huyo alisema hivyo juu ya kila kitu.

Mwishowe nilimwuliza mmisionari mmoja Mmarekani aliyekuwa akingoja treni amekaa juu ya sanduku lake, mtu aliyenyonya Kiingereza kwa mama yake. Akafurahi sana, nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu kisichohusu mbingu kwa miezi. Akanieleza kwamba ni maneno mawili yaliyoshikana mikono: la kwanza ni "yote", la pili ni "iliyonyooka", kitu kisichopinda, chenye haki yake. Yote imenyooka. Nikasema, basi ndivyo sisi tunavyolisema. Akacheka. Akasema kwao mtoto akianguka, mama humwambia neno hilo ili anyamaze. Ukiulizwa hali, na wewe si mgonjwa wala si mzima sana, unajibu hilo hilo. Ukipewa chakula kisicho kitamu wala kibaya, ni hilo. Ukikubali jambo shingo upande, ni hilo. Ukitaka kuondoka kwenye mazungumzo, unalisema kwanza, halafu unatafuta kofia.

Nikamkimbilia Jemsi na habari hizo kama mtu aliyeokota almasi. Alikuwa akifuta mpini wake kwa mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo vile," akasema. "Kwabo balilitumikisha sana, likaisha meno. Hapa ku reli lingali na meno."

"Tata, nani alikufundisha kulitumia hivi?"

"Kule kusini kulikuwa muntu mumoja, kazi yake sawa yetu. Siku moja alisema oraiti bila kufika ku behewa ya mwisho. Jua lilikuwa kali, njo sababu. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa mu ile behewa." Akaendelea kufuta. "Nilimuzika. Halafu nikakuya huku."

Nikachukua kitambaa cha pili, nikafuta chuma.

Lakini msidhani nyumba yake ilikuwa ya huzuni. Nilikula kwao mara nyingi kuliko kwangu. Siku moja, mwanzoni kabisa, Mama Ngoie aliweka bukari na samaki mezani, akaniuliza kama mchuzi umekaa vizuri. Mimi, kijana wa reli, nikajibu kwa madaha: "Oraiti, Mama!"

Jemsi akaushika mkono wangu kabla haujafika kwenye sahani. "Umeonja?"

"Bado, Tata."

"Basi hiyo oraiti umeitosha wapi? Umeitoa ku sahani gani?"

Mama Ngoie akacheka akashika mlango. Tangu hapo kila alipopika aliniuliza kwa makusudi, "Ilunga, iko oraiti?" na mumewe akanikodolea macho mpaka nimeze.

Msidhani pia kwamba Jemsi hakukosea. Siku moja alisimamisha treni ya pamba kwa gurudumu lililojibu "kwa". Shefu wa stesheni alikasirika, behewa likakatwa kutoka kwenye treni, magunia yakahamishwa, watu wakatoka jasho. Fundi wa karakana akalifungua gurudumu, akakuta tope. Tope la mvua lililokauka kwa ndani, basi. Kwa wiki nzima watu walimwita Jemsi Mufinyanzi, na wengine walimwuliza bei ya chungu. Mimi niliona haya kwa ajili yake. Yeye hakuona. "Balicheka na meno yabo yote," aliniambia. "Njo muzuri. Meno yote iko mu kinywa, hakuna muntu aliumia."

Kila kiangazi nilijiambia nitaondoka. Nilikuwa bado sijaona treni inakoishia. Jemsi alijua, na kila mwaka asubuhi ya kwanza ya upepo mkavu alinisalimia: "Mutembezi, bado uko?" Nami nikajibu: "Bado, Tata." Nilikaa kwa sababu ya kusikiliza. Nimeshika kazi nyingi, hakuna nyingine ambayo kila kitu unachokigusa kinakujibu.

Vita vikubwa vya Wazungu vikaja vikapita, treni zikaongezeka, mabehewa yakawa mazito. Karibu na mwisho wa miaka hiyo niliona jambo. Jemsi alianza kugonga gurudumu moja mara mbili. Kisha akaanza kuweka kiganja juu ya chuma baada ya kugonga, kama unavyomshika mbuzi mgonjwa. Watu walipomwita kwa nyuma, hakugeuka. Masikio yaliyokaa kando ya mvuke na chuma maisha yote yalikuwa yanafunga duka, polepole, bila kuaga.

Mnajua sheria, na wakati ule ilikuwa kali zaidi. Nyumba ya kambi inafuata nyundo. Nyundo ikirudi, ufunguo unarudi. Na Jemsi alikuwa mtu wa ng'ambo: asiye na kazi alipewa karatasi ya kurudi alikozaliwa. Kule hakuwa na mtu aliyebaki. Mama Ngoie hakuwahi hata kuuona mpaka huo.

Alinijia sokoni, akasimama kando yangu kana kwamba anachagua nyanya.

"Ilunga, unajua."

"Najua, Mama."

"Basi pita upande wake. Yee akipiga, weye usikie. Kama iko muzuri, fanya hivi." Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. "Yee ataangaria uso wako. Nani ataona?"

"Na upande wangu nani atagonga?"

"Weye uko na miguu mirefu."

Nilisema nitafikiri, neno ambalo Waluba na Wazungu wote hulitumia wakitaka kukimbia. Lakini nilifikiri kweli. Nilimpenda yule mtu. Kesho yake asubuhi, tulipokutana mkiani mwa treni ya abiria ya Bukama, nilimkaribia sikio, nikapaza sauti: "Tata, leo tupite wote upande wako."

Akaonyesha kwa nyundo upande wa pili wa treni. "Weye uko na upande wako," akasema, akaenda.

Treni ile ilikuwa imejaa. Kulikuwa na arusi Bukama, na nusu ya kijiji cha Mama Ngoie walikuwa wamepanda: kuku miguuni, vikapu dirishani, wanawake wanaimba kabla ya safari kuanza. Kasongo alikuwemo, na mke wake na watoto wake, katika behewa la katikati, upande wa Jemsi. Baadaye niliambiwa alimwona shemeji yake akipita chini ya dirisha na nyundo, akatazama juu, kama kawaida yake.

Nilimaliza upande wangu. Ulilia vizuri wote. Nikafika mbele, Jemsi alikuwa ameshafika. Akaniuliza kwa macho, nikamjibu kwa macho. Dereva alikuwa Kalonji, Mkasai mnene aliyempenda Jemsi kuliko alivyopenda chai. Akainama kutoka kwenye mashine.

"Oraiti, Tata Jemsi?"

Jemsi aliweka nyundo begani. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Oraiti?" Kalonji akarudia, sasa kwa nguvu, akidhani hajasikika.

Jemsi alitazama nyuma, ule mstari wote wa madirisha na mikono inayoning'inia. Kisha akaishusha nyundo begani, akanipa.

"Upande wangu sikuusikia," akasema.

Aliongea kwa sauti ya watu wanaopoteza masikio, ambayo haina siri. Kalonji alisikia, kapita alisikia, madirisha ya mbele yote yalisikia. Shefu wa stesheni akaja na saa yake mkononi. "Jemsi! Iko nini?" Jemsi akamrudia maneno yale yale, akavua kofia.

Nikachukua nyundo na kurudi mkiani. Ndugu zangu, sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nikaanza kugonga, na madirisha nayo yakaanza.

"Ee, mupiga ngoma! Tutakuta bibi arusi ameshazaa!"

"Piga muzuri, labda itacheza!"

"Banatafuta nini huko chini? Nani alipoteza senti?"

Nilipofika chini ya behewa la katikati sikusikia mzaha. Kasongo alikuwa ametoa kichwa na mabega nje. Maneno ya kule mbele yalikuwa yamekwisha kumfikia, kwa kuwa hakuna simu inayoshinda abiria. Aliunyamazisha upande wake wote kwa mkono mmoja. Nikagonga gurudumu lililokuwa chini ya watoto wake. Likalia, sauti ikaenda mbali kidogo kabla ya kufa. Kasongo akanitazama, mimi nikaenda lingine.

Yote yalikuwa mazima. Hakukuwa na ufa, hata tope halikuwepo. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuta gurudumu bovu na nikaokoa roho za watu. Hadithi ingekuwa nzuri zaidi. Nilifika mbele, nikaweka nyundo begani, nikamtazama Kalonji usoni, nikalisema neno kwa mara yangu ya kwanza nikiwa mkubwa. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanakwaya. Kalonji akajibu. Machozi yalikuwa yakimshuka kwenye masizi, akapiga filimbi ndefu kuliko ilivyotakiwa.

Kesho yake Jemsi aliitwa ofisini. Alitoka na karatasi ya kuondoka na muda mfupi wa kufunga vitu. Kalonji, aliporudi kutoka safari, alimgombeza waziwazi: "Ungenyamaza tu! Treni ilikuwa nzima! Nzima, Tata!" Jemsi akajigusa kifua: "Minyi sikujua." Mama Ngoie hakumgombeza. Alifanya jambo baya zaidi: alipika vizuri sana, akaweka sahani, akaenda kukaa kwa jirani. Mimi na Jemsi tulikula peke yetu kama watu waliofiwa. Hakuniuliza chochote juu ya mchuzi.

Nyundo akairudisha. Lakini kabla ya kuirudisha aliutoa mpini wake wa mubanga, akapeleka chuma kitupu. Mtunza ghala akalalamika. Jemsi akamwambia alikuja na mti wake kutoka kwao na atarudi nao.

Siku ambayo magodoro yalikuwa yamekwisha kufungwa, Kasongo alitokea kambini, ametoka Bukama, pamoja na wanaume wa kijiji wenye mashoka. Nilidhani wamekuja kumchukua dada yao wamwache mume aende. Mama Ngoie naye alidhani hivyo; alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Yaya, kama umekuya kunitosha, rudia tu. Minyi nitaenda naye."

"Nyamaza kwanza, mwana wetu," Kasongo akasema. Akamgeukia Jemsi, akapaza sauti mpaka kambi nzima ikatoka nje. "Shemeji! Batoto bangu balikuwa mu ile treni!"

Jemsi akaitikia kwa kichwa kwamba anajua.

"Ungesema ile neno yenu, ungebaki na nyumba!"

"Ndiyo."

"Na haukusema."

"Sikusikia upande wangu," Jemsi akasema tena, kana kwamba mtu alikuwa bado hajaelewa.

Kasongo akatazama chini, akasugua shingo. Halafu akasema, polepole, ila kwa sauti ile ile ya juu: "Nilisema muntu huyu haiko na kijiji. Basi iko nacho. Tulishamukatia miti."

Walikwenda kwa chifu wao, chifu akaenda ofisi ya serikali, akasema huyu ni mkwe wetu, amelipa mahari, mnampeleka wapi? Ofisi ikaguna siku kadhaa, kisha ikakubali, nadhani kwa kuchoka. Nyumba ilijengwa kijijini, mahali ambapo reli inaonekana kwa mbali. Nilikwenda kila nilipopata nafasi kukanda udongo, na Kalonji pia, ambaye alikanda vibaya na kuimba vizuri.

Siku nyasi za mwisho zilipofungwa, watu wote walikusanyika. Kasongo akasimama mbele ya mlango, akapandisha kifua, na kwa kuwa alikuwa amelisikia neno stesheni akaona ni siku yake ya kulitumia. "Nyumba imeisha!" akatangaza. "Oraiti!"

Jemsi hakusikia, lakini aliona umbo la kinywa. Akatabasamu. "Bado," akasema.

Akauchukua ule mpini wa mubanga, akaanza nguzo ya kwanza nyuma ya nyumba. Aligonga, akaweka kiganja kwenye mti, akafumba macho. Akaenda ya pili. Watu walimfuata kimya, watoto wakitembea kwa vidole. Kwenye nguzo ya pembe, karibu na mlango, akagonga mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii haiko muzuri."

"Ile nimechagua minyi mwenyewe!" Kasongo akalia.

"Itoshe."

Wakainua paa kwa vigogo, wakaing'oa nguzo, wakaipasua kwa shoka kuanzia chini hadi juu. Ilikuwa nzima kabisa, nyeupe ndani kama muhogo. Kalonji akasema, "Mufinyanzi!" na kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko, Jemsi mwenyewe akishika tumbo, Kasongo akishika kipande cha nguzo yake na kuuliza nani atamrudishia. Wakakata nyingine, wakaisimamisha. Jemsi akaigonga, akaweka kiganja, akangoja.

Halafu akaja mbele ya mlango. Akaweka mpini begani, akamtazama Kasongo usoni.

"Oraiti," akasema.

Kasongo akanigeukia. Nikamnong'oneza: wewe ndiye dereva. Akavuta pumzi. "Oraiti," akajibu, kwa heshima kama mtu aliye kanisani. Kisha akainama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu, akaingia nyumba ya shemeji yake kwa mara ya kwanza.

Jemsi aliishi humo miaka mingi, na mpini aliniachia mimi. Lakini nataka kumalizia siku ile ile. Mama Ngoie alikuwa amepika bukari kwa watu wote na samaki wa Lualaba. Kasongo alikaa mkekani, akasogeza sahani karibu, mtu aliyeshiba miaka yote akala kama aliyetoka vitani. Mama Ngoie akanijia na bakuli langu, akalishika kidogo kabla ya kuliachia, na nyuma yake nikaona macho ya Jemsi yamekwisha kunikodolea.

"Ilunga. Iko oraiti?"

Nikanawa mikono. Nikamega, nikachovya, nikaonja kwanza.